Kugusa si Kula

Ukitaka kumjua mvutaji magogo wa kinamasini, mtazame bega. Sanggau, ambaye tulizoea kumwita Baba Bansa kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa na bega la kulia lililoshuka vidole vitatu chini ya la kushoto, na juu yake kovu gumu, jeusi, pana kama kiganja, pale mkanda wa gome ulipolala kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Nyumba yetu ndefu ina milango kumi na tisa, kila mlango na familia yake, na sijui mlango hata mmoja ambao hakuwahi kuupasulia kuni au kuuzibia paa. Lakini mmoja aliuhudumia kuliko hata wake mwenyewe, nao ni mlango wa saba, wa Mama Lium, mjane wa Jampi. Na kwenye mlango huohuo, kwa miaka kumi na minane, hakuwahi kumeza hata punje ya wali.

Yeye alidhani hatukuona. Masikini, alikuwa amezaliwa humuhumu na bado akadhani hivyo! Watu wanaolala chini ya paa moja huona kila kitu, na wasichokiona hukitunga.

Kwetu chakula ukikaribishwa hukikatai. Kama umeshiba, au mtumbwi unakungoja, unanyoosha kidole, unagusa sahani, unakipeleka mdomoni, nawe umesalimika. Usipogusa, hasa kama roho ilikitamani, unatoka mlangoni na puni, na mwenye puni hana kinga tena: nyoka, mto, mti, chochote kinaweza kumpata siku hiyohiyo. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Na hakuna mtu mzima atakayekunyima cha kugusa, hata kama anakuchukia kama ukoma.

Sanggau alimnyima mtu. Hicho ndicho alichokuwa amekificha.

Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikuwa kiongozi wa kundi la wavutaji saba katika kinamasi cha mto wa chini. Kinamasi chetu hakina ardhi. Ni majani yaliyooza juu ya majani yaliyooza, kina kirefu kuliko mtu na mwenzake juu ya mabega yake, na maji meusi kama kahawa yamesimama katikati. Trekta likiingia linazama, na nyati akiingia anazama. Mti unaoangushwa humo, ramini, mti mweupe wanaoupenda matajiri wa mjini, hauelei majini kama miti yenye adabu, na gome lake lina nyuzi zinazowasha kuliko upupu. Kwa hiyo gogo lina njia moja tu ya kutoka, nayo ni mabega ya watu. Mnalaza boriti mbili ndefu juu ya tope, juu yake mnapanga magogo membamba yaliyomenywa, kama ngazi iliyolazwa chini, mnayapaka mafuta machafu ya mashine, na juu yake mnaburuta chombo cha mbao kisicho na magurudumu, kilichobeba gogo. Chombo hicho tunakiita farasi, ingawa wanaofungwa hatamu ni watu.

Sita walivuta kwa mikanda. Wa saba alitembea ubavuni na wenzo wa mti mgumu, kazi yake kulisukuma gogo lisiegemee nje kwenye kona. Wa saba huyo alikuwa Jampi.

Jampi alikuwa jirani yake Sanggau, mlango wa saba na wa nane, na tangu utotoni alikuwa akimfuata kama mkia. Alikuwa mtu wa tumbo na vicheko. Alikuwa na mke, Empiang, na binti wa miezi minne, Lium; kila jioni kambini alisimulia jinsi mtoto huyo anavyopiga chafya, mpaka wenzake wakaomba wapumzishwe na hizo chafya.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya wiki ya tatu kambini. Kwa wiki tatu walikuwa wamekula wali mkavu na samaki wa chumvi, basi. Siku iliyotangulia mtumbwi ulileta mianzi mitano ya wali wa kunata uliopikwa kwa tui la nazi, kutoka kwa mama yake Sanggau. Minne iliisha usiku uleule, na katika hiyo minne Jampi peke yake alimaliza mmoja na nusu. Wa tano Sanggau aliuficha ndani ya kikapu, akakitundika kwenye boriti ya kibanda. Wenzao walipokwisha kutangulia kwenda kupaka mafuta njia, wakabaki wao wawili wakifunga mikanda.

"Kaka," Jampi akasema, pua juu, "nasikia harufu."

"Ya kwapa lako."

"Kwapa langu halina tui la nazi. Nionjeshe, bwana."

"Jana umekula mpaka ukalala na mkanda umefunguliwa. Leo tena?"

"Jana ni jana. Haya, sitaki kula. Nigusishe tu, punje moja."

Sanggau hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtesa baadaye: angekuwa na hasira, angekuwa na cha kusingizia. Alikuwa na uchoyo mdogo tu, wa mtu aliyekumbuka mapishi ya mama yake, na utani mdomoni.

"Kwanza kazi, mlafi wee. Utagusa ukirudi."

"Kaka, unanitoa na puni?"

"Puni gani? Tumbo lako hilo, puni yenyewe italiogopa."

Jampi akacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Akachukua wenzo wake, akashuka ngazi. Kwenye kidato cha mwisho aligeuka akakitazama kikapu, mara moja tu, kisha akaenda.

Safari ya tatu, saa tano asubuhi, kwenye kona ya kisiki kilichoungua, boriti ya nje ikazama. Farasi aliinama, kamba zikakatika, gogo likabingirika upande wa Jampi. Hakupiga kelele, au kama alipiga, haikusikika, maana maji yalimfunika kwanza.

Iliwachukua saa nne kumtoa. Walilinyanyua gogo kwa nyenzo, wakamlazia yeye vijiti chini, wakamzungushia mkanda, wakavuta, kwa sababu tope la kinamasi likishika kitu halikiachi bure. Sanggau alikuwa mbele kama kawaida. Na kwa mazoea, bila kujua, mkanda ulipokaza begani alianza kuimba wimbo wa kuvutia, na wenzake wakamwitikia ubeti mzima kabla yeyote hajakumbuka walikuwa wakivuta nini. Wakanyamaza wote kwa pamoja.

Aliporudi kibandani, kikapu kilikuwa palepale. Hakuweza kuula ule wali, na hakuweza kuutazama. Aliupeleka kwenye kona ya kisiki akautupa majini. Mwanzi ukazama, ukaibuka, ukasimama wima, nusu juu nusu chini, na kesho yake alipopita ulikuwa bado umesimama. Siku ya tatu haukuonekana.

Akawaambia watu kwamba boriti ilizama. Ulikuwa ukweli, na kila mtu aliridhika nao.

Wiki ya pili baada ya mazishi, walirudi kuvuta. Walikuwa sita, wakimngoja mtu mpya wa wenzo. Walipoifikia ile kona wote walijikaza, wakijua hapo ndipo mzigo hulemea. Mzigo haukulemea. Gogo liliingia kwenye kona kwa wepesi, limesimama sawasawa, kana kwamba kuna mtu ubavuni analisukuma.

"Njia imetengemaa hapa," mmoja akasema.

Sanggau alikuwa amesikia, karibu kabisa na sikio la kulia, sauti ya kuhema ya mtu anayefanya kazi, kisha maneno, kwa uchangamfu uleule: "Nionjeshe, kaka."

Sauti ile haikuwa na lawama wala kisasi. Laiti ingekuwa na kisasi, angemtafuta mganga, angechinja jogoo, yangeisha. Jampi aliambiwa kwanza kazi, na sasa alikuwa anafanya kazi. Kila kona, kila mzigo, mchana kweupe, marehemu alisukuma, akaomba ujira wake wa punje moja. Tajiri wa kambi alipoona sita wanavuta mzigo wa watu saba, hakuona haja ya kuleta mwingine. Kinamasi kile kilipokwisha wakahamia kingine, njia mpya, kona mpya. Wavutaji wakazeeka, wakabadilika, Bansa mwenyewe akaingia kundini, lakini siku zote walikuwa sita. Na Jampi akahama nao.

Siku ya kuanua matanga, Empiang, ambaye sasa tulimwita Mama Lium na kumwonea huruma, alipika. Sahani ya kwanza alimpa Sanggau, kwa sababu ndiye aliyemletea mumewe nyumbani. Sanggau akamega, akatia tonge kinywani. Ndipo ile sauti ikaja, mara ya kwanza nje ya kinamasi: "Kaka, na mimi?" Tonge likakwama. Alikohoa, akalitema kupitia nyufa za sakafu, chini kwa kuku, akasingizia mfupa. Tangu hapo, kila Mama Lium alipomkaribisha, alinyoosha kidole, akagusa, akakipeleka mdomoni, akasema ameshiba. Kisha akaenda kumpasulia kuni.

Miaka ilipita hivyo. Lium akakua, msichana mrefu, mpole, hodari wa kufuma, na mama yake akazidi kuwa mkimya. Mama Lium hakuwa akibeba watoto wa watu. Kwenye sherehe alikaa mwisho, mikono chini ya shuka. Tulisema ni ujane.

Jioni moja Sendi, mkewe Sanggau, alikuwa akimenya machipukizi ya mianzi, kisu mkononi, naye mumewe anasuka mkanda mpya.

"Wageni wa kina Unchat wanakuja keshokutwa kumtazama Lium, wamposee kijana wao."

"Vizuri."

"Vizuri nini? Watarudi kama wale wawili wa mwanzo."

"Kwa nini warudi? Mtoto ana kasoro gani?"

Sendi akaweka kisu chini. "Unaniuliza mimi? Wewe, Baba Bansa, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, ndiyo."

"Wanasema mama yake ana mkono mbaya. Kila anachokigusa kinaoza ndani ya mtu. Wanasema ndiye aliyemla mumewe. Ukiwauliza mnajuaje, wanakwambia, mtazameni Sanggau. Rafiki wa marehemu, anamzibia paa, anampelekea samaki, lakini chakula chake hakimpiti kooni. Mtu wa karibu hivyo akikataa kula, basi anajua jambo."

"Mimi sijawahi kusema neno baya juu yake."

"Sijasema umesema. Kidole chako kimesema. Mara ngapi? Miaka kumi na minane kinasema kila siku."

Sanggau akaacha kusuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa," Sendi akasema taratibu. "Nilidhani kweli unajua jambo. Hata mimi sili kwake, mume wangu. Nilikuona wewe."

Kesho yake alikwenda kazini kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Kwenye kona gogo likawa jepesi, na sauti ikaja kwa wakati wake. Wenzake walipokwenda kunywa maji alibaki kwenye njia, mkanda begani, akaongea na ubavu mtupu wa farasi.

"Jampi, nikisema, ndugu zako watanitoa macho. Empiang hatataka kuniona tena. Bansa atakuwa mtoto wa mtu aliyemnyima mwenzake mpaka akafa. Unataka nini? Niambie unachotaka, nikupe."

"Nionjeshe, kaka. Punje moja."

Alilia pale, mtu mzima, tope mpaka magotini. Alikuwa amemwogopa maiti huyu kwa miaka kumi na minane, na maiti hakuwahi kuomba zaidi ya alichoomba akiwa hai. Aliyedhurika zaidi alikuwa mjane, aliye hai, mlango unaopakana na wake.

Wageni walifika saa nne asubuhi, watu tisa kwa mitumbwi miwili. Msemaji wao alikuwa shangazi wa Unchat, Mama Kalong, mwanamke mnene, mdomo mwekundu kwa tambuu, macho yanayohesabu kila kikombe. Unchat mwenyewe, kijana mwenye masikio makubwa na aibu nyingi, hakuacha kumtazama Lium. Ilionekana wazi anampenda, na ilionekana wazi kwamba hataulizwa.

Tukatandika mikeka barazani. Mama Lium alipakua: wali, kuku wa mwanzini, pombe ya mchele. Aliweka sahani moja moja bila kuinua macho, kisha akarudi kusimama kizingitini, mikono chini ya shuka.

Mama Kalong akasogeza sahani yake, akaisifia harufu, akanyoosha kidole cha shahada, akagusa, akakipeleka mdomoni. Kisha akafuta kidole kwa sketi yake. Mmoja mmoja, wale wanane wakafanya vilevile. Unchat alikuwa wa mwisho, naye alikwishaanza kumega alipotazamwa na shangazi yake, akaliacha tonge, akagusa.

"Tumeshiba njiani, Mama Lium," Mama Kalong akasema. "Usituwazie vibaya. Mkono wako mzuri, ni matumbo yetu tu."

Hakuna aliyevunja desturi, wala hakuna aliyetoa tusi. Lium aliinamisha kichwa mpaka nywele zikafunika uso, na mama yake kizingitini alikuwa mweupe kama ramini. Mkuu wa nyumba akakohoa, akaanza kuuliza habari za mafuriko ya mto wa juu.

Sanggau alikuwa amekaa nyuma, mgongo kwenye nguzo. Wakati ule, katikati ya habari za mafuriko, sauti ikamjia, kwa mara ya pili tu ndani ya nyumba: "Kaka, na mimi?"

Akasimama. Akapita katikati ya mikeka, jambo ambalo mtu mwenye adabu hafanyi, akakaa mbele ya sahani ya Mama Kalong.

"Shangazi," akasema, "hii umeshaimaliza?"

"Nimeigusa."

"Basi nitaila mimi. Lakini kwanza nisikilizeni. Mmekuja hapa na habari yangu. Mnasema Sanggau hali kwa Mama Lium. Ni kweli, sili. Sasa nawaambia kwa nini, na mkimaliza kunisikia, mnitemee mate."

Akawaambia yote, kikapu, harufu, punje moja, na utani wa puni. Hakuruka neno. Aliposema "utagusa ukirudi," sauti yake ilikatika, akalirudia neno hilo, kwa sababu aliona haya kulisema nusunusu.

Dungkong, mdogo wake Jampi, alikuwa amesimama. "Ulimnyima kaka yangu?"

"Nilimnyima."

"Cha kugusa? Punje?"

"Punje moja, Dungkong. Nilimnyima punje moja."

Dungkong alikuja mpaka mbele yake, ngumi imefungwa, akasimama hapo. Kisha akatoka nje kwa ngazi, na tukamsikia chini akipiga teke ndoo.

Mama Kalong alitafuna tambuu yake polepole. "Maneno yako yanauma," akasema. "Lakini miye nimezeeka, sishibi maneno. Lisemwalo lipo. Mbona umengoja mpaka leo?"

"Kwa sababu mimi mwoga. Niliogopa kula mbele ya marehemu, nikaogopa kusema mbele yenu. Woga wangu nyinyi mmeuchukua, mkampakulia huyu mama. Mwenye mkono mbaya hapa ni mimi. Haya, nitazameni."

Akamega tonge la kwanza, akaliweka kwenye ukingo wa mkeka, upande wake wa kulia. "Jampi," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "onja, mdogo wangu. Umefanya kazi ya kutosha."

Kisha akala. Tonge la kwanza lilikwama palepale lilipokwama miaka kumi na minane, na wote tuliona koo lake likipanda na kushuka, macho yakimtoka. Akameza. Akala la pili. Alikula sahani ya Mama Kalong, akavuta ya aliyefuata, akala na hiyo, kuku na mifupa yake midogo, machozi yakimdondokea kwenye wali. Hakikuwa kitu kizuri kukitazama.

"Tutangoja," Mama Kalong akasema.

Inasemekana chakula cha mkono mbaya humvimbisha mtu tumbo kabla chungu hakijapoa. Tukangoja. Mvua ikaja, ikapiga paa, ikapita. Sendi alinyanyuka bila kuitwa, akaingia jikoni kwa Mama Lium, akagusa chungu, akarudi. "Kimepoa," akasema. Naye akakaa kando ya mumewe, akavuta sahani, akaanza kula.

Mama Kalong akatema tambuu kwenye kopo. Akaivuta sahani ya Unchat, akamtazama kijana, kisha akamsogezea. "Kula basi, mwanangu, usije ukaanguka mtoni." Hakuomba radhi. Watu kama yeye hawaombi, lakini alimega na yeye, tonge kubwa, akatafuna huku akimtazama Mama Lium machoni.

Ndipo Mama Lium akatoka kizingitini. Alitembea kama mtu anayejaribu kama sakafu itamhimili. Alimpita Sanggau bila kumtazama, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Na mimi niliamini," akasema. Hakuwa akiongea na sisi. "Nilimwona Baba Bansa hali kwangu, nikasema labda ni kweli. Labda mimi ndiye niliyemuua baba yako. Ulipoacha ziwa, sikukulisha tena kwa mkono wangu. Bibi yako ndiye aliyekulisha. Unakumbuka? Ulikuwa unalia unanitaka mimi, mimi nakukimbia."

"Nakumbuka, Mama," Lium akasema.

Mama Lium akaitoa mikono chini ya shuka, akaitazama. Akamega wali, akaufinyanga taratibu kwa vidole, akaupeleka kinywani mwa mwanawe. Na msichana wa miaka kumi na minane, mbele ya mchumba wake na wageni wote, akafungua kinywa akalishwa kama mtoto. Wanawake wengi walikuwa wanalia. Hata mimi sijui niliangalia wapi.

Sanggau alikuwa bado amekaa na sahani tupu. Alijikaza akasema, "Mama Lium."

Bila kugeuka, Mama Lium akasema, "Umekula, Baba Bansa?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi nenda. Na kuni zangu usipasue tena."

Akanyanyuka, akaenda. Lium aliolewa mwezi uliofuata baada ya mavuno, na kwenye harusi ile Mama Lium alipika kwa mikono yake, tukala mpaka vyungu vikakwanguliwa. Sanggau hakualikwa. Alikaa mlango wa nane, ukuta mmoja tu katikati, akasikia yote. Dungkong hajamsemesha mpaka leo.

Wiki moja baada ya ugeni ule, walirudi kinamasini. Walipoikaribia kona ya kwanza Sanggau alitega sikio, akaanzisha wimbo. Gogo likalalia nje. Mikanda ikakaza, miguu ikateleza kwenye mafuta, Bansa akapiga kelele, na ikabidi wasimame, wachukue nyenzo, walisukume kwa mikono kidogo kidogo mpaka likarudi katikati. Walikuwa wanahema kama nyati.

"Leo gogo zito, Baba," Bansa akasema. "Lina nini?"

Sanggau alitazama ubavuni, pale maji meusi yalipotulia, akangoja. Hakukuwa na sauti yoyote.

"Halina kitu," akasema, akaurudisha mkanda begani. "Tuko sita tu."